Kuziba Ufa wa Kayaki ya Plastiki

Kayaki ni mtumbwi mwembamba, uliofunikwa juu, unaoendeshwa kwa kafi lenye mabamba mawili. Wainuiti wa Greenland na wa kaskazini ya Kanada waliuunda tangu kale kwa kutandaza ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa. Tangu miaka ya 1970 nyingi zimekuwa zikitengenezwa kwa polithini, na ndizo zinazoonekana katika maji ya kasi ya Mto Naili karibu na Jinja, Uganda, na katika hoteli za pwani yetu. Polithini haiozi wala haishiki kutu; lakini mwamba na jua, vikishirikiana kwa muda mrefu, huipasua. Hapo mwenye chombo hukimbilia gundi. Huipaka, ikakauka vizuri, na baada ya siku chache ikabanduka nzima kama ganda la yai lililochemshwa. Mtu aliye katikati ya mkondo hana nafasi ya kuchunguza sababu, kwa hiyo tuichunguze hapa.

Polithini ilipatikana kwa bahati mwaka 1933, pale Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuwa wakijaribu gesi ya ethilini chini ya kani kubwa ya mgandamizo katika maabara ya kampuni ya ICI, Uingereza. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa maelfu ya atomu za kaboni, kila moja imeshikiwa na haidrojeni, basi. Hakuna oksijeni wala elementi nyingine ya kuipa pembe za umeme ambazo gundi ingeweza kuzishika. Dondosha tone la maji juu ya dumu safi: litajikusanya kama umande juu ya jani la mgimbi. Mvutano wa uso wa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita; ule wa polithini ni kama 31 tu. Kimiminika hupenda kujivuta chenyewe kuliko kutandaa juu ya kitu chenye mvutano mdogo kuliko wake, na gundi ya epoksi iko katika hali hiyo hiyo. Wako mafundi wapitishao ndimi za moto upesi juu ya plastiki ili oksijeni ijishike usoni, na hapo gundi hushika kwa kiasi. Njia hiyo yafaa kwa kiraka kidogo, si kwa ufa wa chini ya chombo.

Dawa yenyewe ni kuchomelea. Polithini huyeyuka kati ya nyuzi 120 na 135 za Sentigredi, na ikipoa hurudia ugumu wake. Nyuso mbili zilizoyeyuka zikikutanishwa, minyororo ya upande mmoja hupenya na kujisokota ndani ya ile ya upande wa pili, kama mtu aungavyo kamba mbili za katani kwa kuzifumua ncha na kuzisuka pamoja. Gundi hulala juu ya uso. Kuchomelea huufuta uso wenyewe.

Kabla ya moto, hata hivyo, ufa usimamishwe. Mwaka 1913 Inglis alionyesha kwamba mkazo katika ncha ya tundu lenye umbo la duaradufu huzidi mkazo wa kawaida mara 1 + 2√(a/r), ambapo a ni nusu ya urefu wa tundu na r ni nusu kipenyo cha ncha yake. Chukua ufa wa milimita 100, wenye ncha ya r = 0.125: a/r ni 400, kipeo chake cha pili ni 20, na mkazo huzidi mara 41. Toboa kwa keekee tundu la kipenyo cha milimita 4 katika kila ncha: sasa r ni 2, a/r ni 25, na jawabu ni 11. Ni kweli kwamba polithini hunyumbuka, wala haifuati hesabu ya Inglis sawasawa. Lakini mwelekeo ni huo huo, na tundu dogo la fundi lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Litazibwa baadaye pamoja na ufa.

Kisha chombo kioshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, kikauke kabisa. Ufa uchongwe mfereji wa umbo la V hadi theluthi mbili za unene, na kingo zikwanguliwe mpaka plastiki mpya ionekane, maana ngozi iliyoungua kwa jua haichomeleki. Ujiti wa kujazia lazima uwe wa polithini ya aina ile ile. Ndoo nyingi ni za polipropilini. Hizo hazichanganyiki na polithini hata zikiyeyuka pamoja. Pasha moto ujiti na mfereji kwa pamoja, mpaka vyote viwili ving'ae, kisha kandamiza. Moshi ukitoka, joto limezidi. Kisipozwe kwa maji: kikipoa ghafula husinyaa bila ulinganifu, na mikazo hubaki ndani ikingoja siku yake.

Kazi hii ifanyiwe nje, penye upepo. Plastiki isiyojulikana ijaribiwe kwanza kwa kutia kipande majini: polithini huelea, PVC huzama, nayo PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi iunguzayo mapafu. Kayaki chache zimetengenezwa kwa polithini ambayo minyororo yake imefungwa pamoja kikemia. Hizo haziyeyuki, na hazichomeleki. Na ikiwa chombo kizima kimepauka na kupasukapasuka kama matope ya kiangazi, jua limekwisha kuikata minyororo yenyewe. Kisipelekwe tena majini.

Darasani hakuna haja ya kayaki. Kata vipande viwili vya dumu la mafuta ya kupikia lenye alama ya 2 ndani ya pembetatu, vichomelewe kwa pasi ya kulehemu, vikae mpaka kesho, kisha vikunjwe kwa koleo. Vikikatika pembeni mwa kiungo, kazi ni nzuri. Ujiti ukibanduka ukaacha mfereji laini unaong'aa, mwanafunzi aliuyeyusha ujiti na kuusahau mfereji.