Khaby Lame: mwalimu asiyefungua mdomo

Kila mada ya ajira za walimu ikiibuka pale kimbweta, lazima mtu amtaje Khaby Lame. "Jamaa hata haongei, anatajirika. Sisi tunameza notisi." Haya, tumtazame basi, maana hadithi yake husimuliwa nusunusu.

Khaby alizaliwa Senegal mwaka 2000, akapelekwa Italia akiwa na mwaka mmoja. Alikulia Chivasso, karibu na Turin. Machi 2020, korona ilipoibana Italia, alipoteza kazi kiwandani. Baba yake alimhimiza atafute nyingine. Yeye akajikita kurusha video TikTok, saa nyingi kila siku. Juni 2022 akampita Charli D'Amelio wa Marekani na kuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye mtandao huo, zaidi ya milioni 142. (Uraia wa Italia aliupata Agosti mwaka huohuo. Miaka ishirini na kitu anaishi kule, ndiyo kwanza anaitwa mwenzao!)

Watu hurukia hizo milioni. Mimi nimenasa katikati. Video zake za mwanzo hazikuwa za kimya: alicheza muziki, alicheki gemu, aliongea Kiitaliano. Baadaye akaanza kuwajibu wale "wataalamu" wa mtandaoni wanaolizungusha jambo jepesi mpaka linakuwa gumu. Mtu anaikabili ndizi kwa kisu kana kwamba anachinja. Khaby anachukua ya kwake, anaimenya kwa mkono, kisha anavinyoosha viganja viwili kuielekea, uso umemkauka. Kwisha. Msenegali anacheka, Mbrazili anacheka, na bibi yangu asiyejua Kiitaliano hata neno anacheka.

Sasa tuingie kwenye fani yetu. Jerome Bruner alisema tunaushika ujuzi kwa njia tatu: kutenda, picha, na alama kama vile maneno. Wengi wetu tukisimama ubaoni tunaanza na hiyo ya tatu na kuishia hapohapo. Khaby anaonyesha kosa zima bila kulikatiza, anaonyesha njia sahihi, halafu ananyamaza. Hitimisho analitoa mtazamaji mwenyewe, na kicheko chake ni sawa na mkono uliopanda darasani: huwezi kukicheka kichekesho kile kama hujakielewa.

Wapo watakaosema ndizi siyo logarithimu. Kweli. Khaby huchagua vitu ambavyo mtazamaji anavijua tayari, na viganja havitamfafanulia mtu maana ya katiba. Ila fikiria kidato cha kwanza hapa Tanzania. Mtoto kasoma Fizikia yake yote ya msingi ndani ya somo la Sayansi kwa Kiswahili, leo anakuta mwalimu anamwaga Kiingereza kuanzia kipindi cha kwanza. Anakariri fasili, hajui imetajwa nini. Huyo ndiye anayenihangaisha, kuliko hata ajira.

Kwa hiyo nikienda mazoezi ya kufundisha, kipindi cha vipimo nimeshakipanga. Nitaweka silinda ya kupimia yenye maji mezani. Nitasoma kipimo nikiwa nimesimama, nikitazama kutoka juu, niandike namba ubaoni. Kisha nitainama mpaka jicho lilingane na usawa wa maji, nisome tena, niandike namba ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Hazitafanana. Hapo nitanyoosha viganja na kunyamaza, wabishane wao kwanza, kwa lugha yoyote watakayo. Istilahi za Kiingereza zitakuja baada ya hapo.