Mawe, Wageni na Kuta Zisizo na Saruji

Makala yangu ya mwaka huu inahusu ujenzi wa zamani, nami naianza kwa ubishi. Katika darasa letu la kidato cha tatu kuna kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, anayeshikilia kwamba piramidi za Misri zilijengwa na viumbe waliotoka angani. Ati binadamu hawezi. Ukimwuliza sababu anakujibu, "Jiwe la tani mbili na nusu, wewe utalibeba na mkono?"

Swali lake ni zuri. Jawabu lake ndilo bovu.

Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa enzi za mfalme Khufu, yapata mwaka wa 2560 Kabla ya Kristo. Ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 146, na inakadiriwa kuwa ina mawe kama milioni 2.3. Mengi yalichimbwa papo hapo Giza, lakini mawe meupe ya kufunika upande wa nje yalitoka Tura, ng'ambo ya mto Nile. Haya si ya kubahatisha. Mwaka wa 2013 watafiti walipata huko Wadi al-Jarf, kando ya Bahari ya Shamu, karatasi za mafunjo zilizoandikwa na mkuu mmoja wa kikosi aitwaye Merer. Bwana huyu aliandika siku walizopakia mawe mashuani, walikolala na siku walizofika Giza. Yaani mfano wa karani wa kituo cha kupimia majani chai hapa kwetu, aliye na daftari lake na hakubali kudanganywa!

Kwenye nchi kavu mawe yaliburutwa juu ya magari ya mbao yasiyo na magurudumu. Katika kaburi la mkuu mmoja aliyeitwa Djehutihotep, ambalo ni la baadaye, kuna picha ya watu 172 wakivuta sanamu kubwa kwa kamba. Mtu mmoja amesimama mbele ya sanamu akimwaga maji mchangani. Wengi walidhani ni tambiko. Mwaka wa 2014 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walifanya jaribio wakagundua kwamba mchanga ukiloweshwa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta hupungua karibu nusu. Ukiwauliza watu wa kando ya ziwa watakuambia kuwa baiskeli hukwama kwenye mchanga mkavu, ila kwenye ule ulioshikana kwa maji inapita.

Lakini jambo nililolipenda kuliko yote ni majina. Wafanyakazi hao hawakuwa wa kijiji kimoja. Walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakagawanywa katika vikosi, na kila kikosi kilijipa jina na kuliandika kwa rangi kwenye mawe, pale ambapo halingeonekana tena. Kikosi kimoja kilijiita Marafiki wa Khufu. Kingine, cha zama za mfalme Menkaure, kilijiita Walevi wa Menkaure. Sasa nauliza, kiumbe kutoka angani atajiita mlevi kwa nini? Tena mwaka wa 1990 yaligunduliwa makaburi ya wafanyakazi hao karibu na piramidi, na baadhi ya mifupa ilikuwa imevunjika ikaunga vizuri. Maana yake mtu aliumia kazini, na kuna watu waliomtunza hadi akapona.

Hebu sasa tuiache Misri. Mtu wa Gesima akitaka kuona kuta za kale hahitaji kupanda ndege. Katika Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Inaaminika yalijengwa karne ya 16. Katika sehemu zilizo karibu na Ziwa Viktoria zimehesabiwa kuta za namna hii 521 katika mahali 138, na Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote.

Nilikwenda huko likizo ya Aprili kumwona mjomba anayefanya kazi Migori. Mama aliniusia mambo mawili: nisizungumze na nisiyemjua, na nikipewa biskuti nikatae. Usia huo una sababu. Kuna abiria waliotiliwa dawa katika biskuti wakaamka mifuko mitupu. Tena watu wa kwetu bado husimulia mapigano ya mpaka wa Borabu na Sotik, mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hofu nimeirithi.

Sehemu ya kwanza ya usia ilinishinda kabla hatujafika Keroka. Msomaji, umewahi kumtazama dereva wa Probox akipakia watu? (Idadi siitaji, huenda askari wa trafiki husoma jarida letu.) "Mama, wewe kaa mlangoni. Mzee, ule mlango mwingine. Mwanafunzi, ingia kati." Wanene pembeni, wembamba katikati, mtoto mapajani, kabichi chini ya miguu. Ukishabanwa hivyo, goti lako na la jirani yako yamekuwa kitu kimoja, na usipomsalimu utaonekana mwehu. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimempakata mtoto nisiyemjua jina huku mama yake akitafuta nauli katika kitambaa.

Kutoka Kisii kwenda Migori niliketi na mzee mmoja. Alinisalimu kwa Ekegusii, "Bwakire," akageuka akazungumza Kijaluo na mama wa nyuma, kisha akanirudia kwa Kiswahili.

"Unaenda wapi, mjukuu wangu?"

"Migori, babu. Halafu kesho naenda kuona Ohinga."

Alifurahi sana. Kumbe alikuwa mwashi maisha yake yote. Akaniambia, "Ukifika usitazame ukuta kwa mbele tu. Tafuta mahali palipobomoka uangalie tumboni mwake."

Tulipofika Rongo alinunua njugu akanikaribisha. Nilimshukuru nikakataa. Akacheka akasema, "Mama yako amekufunza vizuri," akazila zote mwenyewe.

Kesho yake nilifanya kama alivyosema. Boma kubwa pale linaitwa Kochieng'. Kuta zake zimepinda kwa mviringo, na kuta za Thimlich kwa jumla zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kama mita moja. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hata udongo wa kushikanishia hakuna. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa yalivyo. Palipobomoka niliona siri: ukuta mmoja ni kuta mbili. Upande wa nje una safu yake ya mawe makubwa, wa ndani una yake, na katikati pameshindiliwa mawe madogo madogo yanayobana pande zote mbili. Ni Probox ya Gesima tupu! Kila jiwe linakalia mengine na kuzuia la jirani lisiteleze, na hapa na pale pamewekwa mawe ya kuegemeza ukuta usilale. Milangoni kuna mawe marefu yaliyolazwa juu, kile ambacho mafundi wetu huita linta. Milango yenyewe ni midogo, hata adui lazima ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Waliojenga ni nani? Hapa ndipo darasa letu hugawanyika. Wengine husema ni babu zetu Wabantu walipopitia huko, wengine husema Wajaluo, na sauti hupanda. Watafiti wanaeleza kwamba jamii za Kibantu na za Kiniloti zilikaa humo kwa zamu, kila moja ikikarabati ilichokikuta, hadi karne ya 20. Mimi naona jibu hilo ni kubwa kuliko tunayogombania. Ukuta wa mawe makavu hauwezi kukaa miaka 500 bila mtu wa kuurudishia mawe yanayoanguka, na waliokuwa wakiyarudisha si watu wa lugha moja.

Pale Kochieng' kuna pia mwamba uliochongwa vishimo safu mbili. Ni bao, Wajaluo huliita ajua. Hatukulichezea, maana ni urithi unaolindwa. Lakini nje kabisa ya maboma tulimkuta kijana mchunga ng'ombe wa umri wangu. Alichimba vishimo vyake ardhini, akaokota kokoto, akanifunga mara mbili mfululizo. Ndipo akaniuliza nimetoka wapi.