SOMO: KOMPYUTA INAPOKOSA MAJINA

Malipo ya pamba yaweza kuchelewa kwa sababu tovuti ya benki haifunguki, ingawa intaneti ni nzima. Chanzo chaweza kuwa DNS, huduma igeuzayo majina kuwa namba. Seva ya ofisi isipolijua jina, huliulizia kwa seva ya nje.

Katibu wa chama, Bujora au kwingineko, afuate hatua hizi:

1. Aandike ping 8.8.8.8. Jibu likija, njia ni nzima.

2. Aandike nslookup, jina la tovuti, kisha 8.8.8.8. Jibu lisipokuja, huenda mlango namba 53, upitishao maswali ya majina, umefungwa.

3. Likija, arudie bila 8.8.8.8. Likikosekana sasa, akague anwani ya seva ya nje iliyowekwa katika seva ya ofisi.

Marekebisho yaandikwe daftarini, mkulima asingojeshwe tena.