Usinywe kwa Kuogopa Kiu

Mdogo wangu, vuta kiti. Umeniandikia kwamba umejiunga na klabu ya jogingi, kila Jumamosi alfajiri mnatoka mtaani kwenu hadi Coco Beach, na kuhusu kinywaji kila mtu ana neno lake. Kiongozi anasema dafu. Shoga yako anaapa kwa enaji. Mwingine kakwambia ukate maji lita mbili nzima kabla hujafungua mlango. Unataka kujua umfuate nani.

Ngoja kwanza nikupe aibu yangu. Nusu marathoni ya kwanza niliikimbia nikiwa nimejaa hofu ya kuishiwa maji mwilini. Kila meza ya maji nilisimama: vikombe viwili, vitatu, na kiu sina. Kufika kilomita ya 15 tumbo linacheza kama dumu lililojaa nusu, na pete imenibana kidoleni haitoki. Nikajipongeza kwamba maji ninayo ya kutosha. Kumbe pete ndiyo iliyokuwa ikinipa taarifa, mimi sielewi.

Jasho si maji matupu. Lamba mdomo wako baada ya kukimbia utaionja chumvi. Sasa ukitoa maji na chumvi, halafu ukarudisha maji peke yake, tena mengi kuliko uliyotoa, sodiamu iliyomo kwenye damu inazimuliwa. Maji yanahamia ndani ya chembe za mwili, zinavimba. Vidole vikivimba ni pete kubana tu, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Hapo ndipo yanapoanza maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege, na wapo wakimbiaji waliokufa hivyo. Mwaka 2002, kwenye Boston Marathon kule Marekani, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango salama. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne. Yaani sisi wa mwendo wa pole, tunaopata nafasi ya kusimama kila meza.

Kwa hiyo yule wa lita mbili mshukuru, kisha mpuuze.

Mbio zenu, kama hazizidi saa moja, zinataka maji ya kawaida tu. Kunywa glasi moja ukiamka, nyingine njiani ukisikia kiu. Kiu imeumbwa kwa kazi hiyo. Na chai yako ya asubuhi usiogope kwamba itakukausha. Kikombe kimoja hakina ubaya huo. Watafiti waliowafuatilia wakimbiaji wakubwa wa Kenya waliwakuta wanakunywa zaidi maji na chai ya maziwa, kila mmoja kwa kadiri anavyojisikia, na wakati wa mazoezi wananywa kidogo sana au hawanywi kabisa. Ni kweli kule nyanda za juu kuna ubaridi. Dar hewa ni nzito, jasho linadondoka badala ya kukauka mwilini, na jasho lisilokauka halikupoozi. Ndiyo maana sikupi kipimo cha mwenzako. Tafuta mizani. Jipime kabla ya kutoka, jipime ukirudi, ukiwa umevua nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Kupungua kidogo ni kawaida, utajaza taratibu mchana. Ukikuta umeongezeka, dada, ulikunywa kwa woga kama mimi.

Ukianza mbio ndefu, za saa moja na nusu kwenda juu, maji yanataka wenzake wawili: sukari ya kukupa nguvu na chumvi kufidia jasho. Huna haja ya chupa ya bei mbaya. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vinne vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Hiyo inakaribiana na wanavyotengeneza viwandani. Ila ijaribu siku ya mazoezi. Siku ya mashindano si siku ya kutambulishana na kinywaji kipya, wala hakuna choo kila kona.

Soda ina sukari karibu gramu 11 kwa kila mililita 100, mara mbili ya mchanganyiko wetu, na gesi juu yake. Ukiwa unakimbia inakaa tumboni kama mgeni asiyeaga. Enaji ni sukari kama hiyo pamoja na kafeini. Moyo tayari unakimbia, wa nini kuuchapa tena? Na ile ORS ya duka la dawa imetengenezwa kwa ajili ya kuharisha: chumvi yake ni nyingi, sukari yake kidogo, haitakupa nguvu ya kukimbia. Ukiwa nayo, pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja. Nimewaona wanaoikoroga kwenye chupa ndogo ya nusu lita ili iwe kali. Hiyo si dawa tena, ni maji ya bahari.

Nimeliacha dafu makusudi, kwa sababu nalipenda na sitaki kulisingizia. Dafu lina potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni ndogo, na jasho linaondoka na sodiamu zaidi. Kwa hiyo si kinywaji cha katikati ya mbio ndefu, hata kiongozi wako akikasirika. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, potasiamu hiyo kwake ni mzigo.) Mbio zikiisha, hapo sawa. Tena kwa bahati nzuri mnaishia Coco Beach. Subirini wauza mihogo wawashe moto, agiza sahani, mwambie akunyunyizie chumvi na pilipili, kachumbari pembeni. Kula huku unashushia na dafu lako, na ukimaliza maji mrudishie muuzaji alipasue, akuchongee kijiko cha ganda ukombe nyama yake.