Karatasi Kabla ya Tingatinga

Klabu ya mtaani ikiahidiwa uwanja, jukwaa au vyumba vya kubadilishia nguo, mambo huanza kwa makofi: mheshimiwa amefika, ametaja mamilioni, jiwe la msingi limewekwa. Kisheria, hapo bado hakuna lililofanyika. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja michezo na viwanja vyake kati ya kazi za serikali za kaunti, na Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na usiopoteza fedha. Uwanja huo basi si zawadi ya mtu. Ni kazi ya serikali inayolipiwa kodi yenu, na kila hatua yake lazima iache karatasi. Hakuna sheria inayoilazimisha kaunti iwajengee ninyi na kuacha wadi ya jirani. Haki mliyo nayo kwa hakika ni ya kuziona karatasi hizo, na nasisitiza mzione kabla tingatinga halijaingia.

Kamariny, karibu na Iten, inaonyesha kwa nini. Uwanja ule wa udongo, juu ya Bonde la Kerio, ulikuwa mahali pa mazoezi pa wanariadha wa vizazi kadhaa. Ulipofungwa ili serikali ya kitaifa iujenge upya, kazi ilikwama kwa miaka. Wakimbiaji wakakosa uwanja mpya, na ule wa zamani ukawa umeshachimbuliwa. Ujenzi uliokwama hauwarudishi mlipokuwa. Huwaacha pabaya zaidi. Ndiyo maana swali linaloulizwa baada ya nyasi kung'olewa limechelewa.

Anzeni na ardhi, kwa kuwa hapo ndipo klabu nyingi hazina habari. Uwanja mliouchezea miaka ishirini unaweza kuwa wa shule, wa kanisa au wa mtu binafsi, na jengo lililosimikwa ardhini humfuata mwenye ardhi. Nendeni ofisi ya ardhi mkathibitishe jina lililoko kwenye sajili. Ikiwa si ardhi ya umma, daini mkataba wa kukodi ulioandikwa, wenye muda unaolingana na umri wa jengo. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu wa leo haitambana wa kesho. Klabu yenyewe nayo iwe imesajiliwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, la sivyo jina lake halitaandikika kwenye mkataba wowote wa maana. Kisha bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mradi usiotajwa humo ni maneno tu, hata ukitangazwa kwa kipaza sauti. Mwisho, ombeni mkataba pamoja na BQ, ile orodha ya kila kazi na bei yake. Humo mtajua kama mifereji ya maji imo, na kama kazi moja imekatwa vipande ili kukwepa zabuni ya wazi, jambo ambalo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inalikataza.

Watu wa busara hupinga: anayepewa hachagui, na maswali mengi yatamfanya mkubwa apeleke mradi kwingine. Hofu hiyo naiheshimu, maana imetokana na mazoea marefu. Lakini mradi unaoweza kuhamishwa kwa sababu tu mtu ameomba kuona mkataba haukuwa na mizizi kwenye bajeti, na heri mlijue hilo mapema. Wengine husema maswali huchelewesha kazi. Barua ya kuomba nakala haisimamishi mchanganyiko wa saruji hata siku moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba klabu ndogo haina wakili. Kwa hatua hii hamhitaji. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali ombi lililoandikwa kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha. Mnaweza kudaiwa gharama ya nakala peke yake. Asiyeweza kuandika ana ruhusa ya kulisema, na afisa ndiye mwenye wajibu wa kuliandika. Afisa ana siku 21 za kujibu, anazoweza kuongeza mara moja kwa siku zisizozidi 14. Andikeni kwa jina la mradi na la wadi, tajeni kila karatasi mnayoitaka, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu mjulishwe uamuzi. Ule muhuri ndio utakaoonyesha zile siku 21 zilianza kuhesabiwa lini.