Hatia ya Washirika katika Kosa

Watu wengi hudhani ya kuwa mwuaji ni yule tu aliyepiga, na mchoma nyumba ni yule tu aliyetia moto. Sivyo sheria isemavyo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 22, mkosaji ni yeye atendaye, na amsaidiaye, na amshauriye. Kifungu cha 23 chaongeza: watu wakipatana kutenda jambo la haramu, na katika kulitimiza likatokea kosa lililoelekea kutokea, kila mmoja wao huhesabiwa amelitenda. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa; ya kuchoma nyumba yaweza kufika kifungo cha maisha.

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Tarehe 7 Agosti, 1998, asubuhi, gari lililopakiwa baruti na mitungi ya gesi lililipuka mbele ya Ubalozi wa Marekani, Oysterbay. Watu 11 walikufa. Saa ile ile Nairobi walikufa 213. Dereva wa gari la Dar es Salaam aliangamia nalo. Wa kuhukumiwa wakawa wenziwe, nao walishtakiwa New York, kwa kuwa mali iliyoshambuliwa ilikuwa ya Marekani.

Wa kwanza, Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, alikodi nyumba Ilala, jirani na Kariakoo, na humo baruti ikatengenezwa. Yeye alisaidia kuisaga na kuipakia. Si yeye aliyeilipua. Hata hivyo mwaka 2001 alionekana ana hatia ya kuua, akafungwa maisha.

Wa pili, Ahmed Khalfan Ghailani, naye wa Zanzibar, alishtakiwa kwa kusaidia kununua gari na mitungi. Mwaka 2010 baraza la raia 12 lilimwachilia katika mashtaka yote ya kuua, likamtia hatiani kwa shtaka moja tu: kula njama ya kuharibu majengo kwa baruti. Lakini kwa kuwa njama ile ilileta vifo, mwezi wa Januari 2011 hakimu alimfunga maisha.

Basi, je, mwenye duka wa Kariakoo auzaye mitungi pasipo kujua itakavyotumiwa ana hatia? Hana, kwani hana nia wala mapatano. Wala kuwapo tu mahali pa kosa hakutoshi kumtia mtu hatiani. Sheria hupima alilojua kila mtu na alilolitenda.

Wazee na walimu wawaeleze watu jambo hili kabla ya hasira kupanda. Kundi likienda kuchoma nyumba ya mtu ashutumiwaye wizi au uchawi, na mtu akafa ndani, aliyeleta mafuta ya taa, aliyefunga mlango kwa nje, na aliyewahimiza wenziwe, kila mmoja aweza kujibu shtaka la kuua. Hataokoka kwa kusema, “Kiberiti hakikuwa mkononi mwangu.”