Mpime Moyo Akiwa Hana Maumivu

Kama unamlea mtoto mwenye selimundu, au unaishi nayo wewe mwenyewe, jambo la kwanza la kujua kuhusu kipimo cha moyo kiitwacho eko ni siku ya kwenda. Usipange eko katikati ya maumivu makali, homa au damu iliyoshuka ghafla. Wakati huo moyo unakwenda mbio na shinikizo kwenye mishipa ya mapafu hupanda kwa muda. Daktari akihitaji kupima kwa dharura, apime, lakini majibu hayo yasichukuliwe kuwa ndiyo hali ya mgonjwa ya siku zote. Subiri apone kabisa, wiki kadhaa zipite, ndipo kipimo kirudiwe.

Wenye selimundu wengi huishi na damu ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita. Ili damu hiyo kidogo ifikishe oksijeni ya kutosha mwilini, moyo husukuma kwa wingi zaidi usiku na mchana, na kadiri miaka inavyokwenda hutanuka. Kwa hiyo picha ya eksirei ikionyesha moyo mkubwa, usikimbilie kulia. Linganisha na picha ya zamani. Tunza fotokopi ya kila jibu, na kando ya jibu la eko andika kiwango cha damu cha siku hiyohiyo, kwa sababu jibu lisilo na kiwango cha damu ni nusu ya habari.

Eko haiumi wala haina mionzi. Hutumia mawimbi ya sauti kama ultrasaundi ya wajawazito. Omba majibu yataje kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya upande wa kulia wa moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliikuta kasi ya mita 2.5 kwa sekunde au zaidi kwa karibu theluthi moja ya watu wazima waliopimwa, na hao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Namba hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa wa mishipa ya mapafu. Inamtaka daktari achunguze zaidi.

Presha nayo hupuuzwa mno. Wenye selimundu kwa kawaida huwa na presha ya chini kuliko watu wengine, hivyo aliyezoea 105/60 akifika 125/80 asiambiwe yuko sawa bila kuangaliwa. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, zikinunuliwa dukani kila wiki, huumiza figo na kupandisha presha.

Nyumbani, angalia pumzi. Je, anachoka kwa mwendo ambao mwezi uliopita aliumudu? Miguu inavimba? Anazimia? Anashindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito? Dalili hizo hazisubiri tarehe ya kliniki. Maumivu ya kifua pamoja na homa au kuhema ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Kama ameandikiwa haidroksiurea, ameze kila siku, hata asipoumwa: hupunguza maumivu na huinua damu, na damu ikipanda moyo hupunguziwa kazi. Kliniki ijayo, muulize daktari kama eko inahitajika sasa. Kama pumzi imebadilika na kituo chenu hakina mashine, omba rufaa ya maandishi kabla hujaondoka.